Kamba ya Bibi Harusi

Nyumbani, 3 Februari

Wifi yangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta, pamoja na kitambaa cha kichwa cha Mama. Kitambaa amekipenda, amelala nacho. Barua sikumsomea yote. Pale ulipoandika kwamba ng'ombe wa kaka yako analiwa na mtu wa kuja nilipaacha, maana mtu wa kuja mwenyewe ndiye aliyekuwa anasoma.

Wifi, tuelewane. Ng'ombe alinunuliwa na marehemu mwaka ule aliponioa, hilo sikatai. Alikuja naye akitembea kwa madaha, pembe moja imevunjika na paji la uso jeupe, watu wakasema huyu leo kaoa wawili, na jina la Bibi Harusi likamganda. Lakini marehemu ametangulia. Anayemkatia majani ni mimi, anayemzolea samadi ni mimi, nikitoka kufagia zahanati nanuka dawa naingia bandani ninuke vingine. Unasema nauza maziwa nanenepa. Njoo unipime. Kikombe cha kwanza cha Mama, cha pili cha Mama, kinachobaki kinakwenda kwa walimu na kurudi nyumbani kikiwa sabuni na mafuta ya taa.

Nimeshakuandikia kwamba Mama hali kitu kingine, nawe unajibu kana kwamba nimekupa habari za mvua. Tangu lile tumbo, chakula kigumu kinamrudi na uji unamrudi. Kinachokaa ni maziwa, yakiwa bado ya moto ya kukamuliwa. Tabibu ameniambia waziwazi: huyu mama anaishi kwa ng'ombe. Ukimwondoa Bibi Harusi, Mama hafiki mvua zijazo. Sasa umenisikia?

Na kukamua kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Ndama wake alikufa, ukimshika matiti hivihivi anaficha maziwa, anakutazama kama hakujui. Mpaka Mama asimame kichwani pake amwimbie wimbo wa Bwana, ndipo anashusha. Akimaliza hapo Mama anashika nguzo ya banda na kushukuru, kiumbe kwa kiumbe: ng'ombe, kuku, nyuki wa ukutani mwa kanisa, paka wetu mwizi, hata panya, anasema nao hawakuomba kuumbwa. Mchungaji wetu mpya alipita asubuhi moja akamsikia, akasimama njiani na baiskeli yake mpaka Mama alipomaliza. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba tutakuwa na Jumapili ya Viumbe, kila mtu aje na mnyama wake tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Wazee wakasema ilikuwepo zamani ikafa, sasa inafufuka.

Mama analia kwa furaha. Lakini nikimuuliza inavyokwenda anachanganya na harusi yake. Mimi nilibatizwa kanisa jingine, kwetu mnyama akiingia uwanja wa kanisa basi amepotea. Wewe umekulia humo, na baba yenu alikuwa mzee wa kanisa. Niandikie taratibu, nisije kumwaibisha Mama mbele ya watu.

Wifi yako,
Mfagizi


Mjini, 11 Februari

Wifi mpenzi,

Nisamehe kwa maneno yale. Cherehani tatu zinalia mbele yangu kutwa, sare za kwaya zinasubiriwa, mteja mmoja anataka kola ya duara na mwenzake anataka ya pembe, wote sauti ya pili. Kichwa kikipata moto kalamu inateleza. Habari ya nani mwenye ng'ombe tuiache. Wewe ni mke wa kaka yangu, hata kama kaka hayupo.

Nimefurahi kusikia Jumapili ya Viumbe imerudi. Nikiwa mtoto nilikuwa naisubiri kuliko Krismasi. Umefanya vizuri kuuliza, maana wageni huwa wanaharibu bila kujua na watu wa pale hawasemi, wanakucheka wakishafika kwao.

Basi sikiliza. Ng'ombe umwogeshe jana yake, umsugue mpaka kwato. Mtafutie kamba mpya, ile ya zamani ni dharau. Ukiitwa, nenda naye mbele taratibu. Pale mbele ya meza ya Bwana atakuwa amesimama Mtunza Hazina, binamu yetu. Mpe kamba mkononi, mkono wa kulia, kwa mikono yako miwili, halafu piga goti kidogo. Usiseme neno. Ukishampa geuka urudi kukaa na Mama, usitazame nyuma, maana anayetazama nyuma moyo wake haujashukuru. Kuna watu wanang'ang'ania kamba mpaka mwisho utadhani Mungu ni mwizi. Wewe usiwe hivyo. Wewe onyesha kwamba umeolewa kwenye nyumba ya mzee wa kanisa.

Mama atafurahi mno. Mwambie natamani ningekuwepo, ila kazi haina Jumapili.

Wifi yako akupendaye,
Fundi


Mjini, 11 Februari

Binamu,

Salamu kwako Mtunza Hazina na nyumba yako. Nina jambo la ukoo, usilipeleke mezani kwa wazee wenzako wala kwa huyo kijana mchungaji wenu anayelia akisikia bikizee anasali.

Mke wa marehemu kaka atakuja na yule ng'ombe Jumapili ya Viumbe. Atakukabidhi kamba. Kwao alikotoka hawajui kwamba kwetu anayetaka baraka tu anashika kamba yake mwenyewe, na anayekabidhi ametoa. Wewe ipokee kama ulivyokuwa ukipokea zamani, useme mbele ya watu kwamba kanisa limepokea, na mwite wa kwanza kabla hajaona wengine wanafanyaje. Jumatatu alfajiri lori la shemeji yako litakuwa hapo kununua. Kanisa litapata fedha yake yote, sitaki upunguze hata kidogo.

Usinione mbaya. Nimemwomba yule mwanamke anipe ng'ombe kwa upole, nimemwomba kwa ukali, kila mara ananijibu kwa habari za tumbo la Mama. Mume wangu anasimikwa uzee wa kanisa mwezi ujao, kanisa la mjini siyo hilo lenu la madirisha ya mbao, wageni watakuja na magari. Nitawapa nini, maharage? Kaka alinunua, dada atamla, na Mungu atapata fungu lake katikati. Hapo amepoteza nani, isipokuwa mtu wa kuja?

Na habari ya Mama usiitie moyoni. Mama anadeka. Akikosa maziwa atakula kama watu.

Dada yako,
Fundi


Nyumbani, Jumapili, 2 Machi

Wifi yangu,

Naandika leo leo kabla furaha haijapoa. Laiti ungekuwepo.

Nilimwogesha jana yake kwa sabuni ya zahanati, akanuka kama daktari. Mama alivaa kitambaa chako. Meza ya Bwana waliitoa nje uwanjani, wakaitandika kitambaa cheupe, na watu wakaja na kila kitu. Mbuzi, bata, muuguzi na mbwa wake mwenye mdomo mrefu, mfuga nyuki na mzinga amefunga tundu kwa majani, watu wote wamemkimbia amekaa peke yake kama mkusanya kodi. Mchungaji alisali vizuri, wifi. Alisema hawa wote waliumbwa kabla yetu, sisi ndio tuliowakuta, na mgeni mwenye adabu humshukuru mwenyeji. Alishukuru kwa kwato na manyoya na kwa kila pumzi inayotoka puani bila kulalamika. Mama akawa anaitikia kila neno, amina amina, mpaka mchungaji akawa anamsubiri.

Niliitwa wa kwanza. Nilishtuka, mimi mfagizi kutangulia mbele ya wenye mbuzi kumi. Bibi Harusi alitembea kama siku ile alipokuja. Mbele kabisa ya meza akaacha samadi, kwaya wakaangua kicheko, mchungaji akasema hiyo nayo ni sadaka. Nikampa Mtunza Hazina kamba kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikageuka, sikutazama nyuma. Akatangaza kwamba kanisa limepokea. Wifi, vigelegele vilivyopigwa! Wanawake walinikumbatia, muuguzi akalia, mwalimu mkuu akainuka kunipa mkono. Nikajiambia kumbe nao wanangoja mtu afanye jambo kwa utaratibu wake. Wengine wote waliofuata walishika kamba zao wenyewe, wakaombewa, wakarudi nazo. Nikawahurumia, nikasema hawa hawana wifi wa kuwafundisha.

Baada ya ibada nilikwenda kumchukua. Mtunza Hazina akaniambia ng'ombe anabaki bandani kwa kanisa, nyuma ya nyumba ya wachungaji wa zamani, mambo mengine kesho. Sikubisha. Nadhani analala huko kwa baraka, ingawa hukuniandikia hilo. Ndivyo ilivyo? Nilitaka nimkamue hapohapo, akasema si vizuri.

Jioni hii Mama amekunywa maji ya sukari. Amesema si kitu, usiku mmoja si kitu, Bibi Harusi amelala nyumbani kwa Bwana. Yeye amefurahi kuliko mimi. Kesho nitakwenda kabla ya kufagia.

Wifi yako mwenye shukrani,
Mfagizi


Ofisi ya Kanisa, 4 Machi

Kwa mama mpendwa, mhudumu wa zahanati,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Jana ulipokuja ofisini ukiwa na uchungu sikuweza kukujibu kwa utulivu, na wewe hukuweza kunisikiliza kwa utulivu, kwa hiyo naandika.

Nimekaa na wazee. Mimi ni mgeni hapa kama wewe, na kwenye desturi za kanisa hili nategemea walionitangulia. Wote wamenithibitishia kwamba mnyama ambaye kamba yake imekabidhiwa mbele ya meza ya Bwana ametolewa. Aliyetaka baraka tu alishika kamba yake, kama wenzako walivyofanya mbele ya macho yako. Kusanyiko zima ni shahidi, na hakuna aliyekulazimisha. Ng'ombe ameuzwa, mnunuzi ameondoka naye, na maji yakimwagika hayazoleki.

Najua unasema hukujua. Lakini je, tumwambie Mungu arudishe kila kilichotolewa na mtu ambaye baadaye alisema hakujua? Madhabahu ingebaki na nini? Usiruhusu Shetani ageuze shukrani yako kuwa manung'uniko. Watu bado wanaizungumza imani yako, nami nimeitaja katika barua yangu kwa mkuu wa jimbo.

Kwa fedha iliyopatikana tumeagiza kipaza sauti, ili shukrani za kanisa letu zisikike mbali zaidi. Mama yetu mkongwe tutamkalisha mbele mwakani, kama mgeni wa heshima.

Nawaombea nyote wawili. Nimeambiwa hali yake ya tumbo si nzuri. Tumkabidhi kwa Bwana.

Mchungaji wako


Nyumbani, 9 Machi

Wifi,

Sasa najua maana ya kamba. Nilichelewa kuijua kwa siku moja tu.

Jumatatu nilifika bandani kwa kanisa nikakuta samadi yake bado mbichi na alama za tairi. Mtunza Hazina alikuwa anapiga mswaki. Nikamuuliza, akaendelea kupiga mswaki. Alipomaliza akaniambia niende kwa mchungaji, na mchungaji akanipeleka kwa Mungu, na huko ndiko nilikoishia.

Nimekaa nikifikiri habari yako. Nikasema labda ulielewa kwamba nataka kutoa. Nikasema labda ulisahau kuandika mstari mmoja kwa sababu ya zile kola. Nimekutetea moyoni, wifi, na moyo wangu si mwepesi kutetea watu. Sasa nitetee na wewe. Mwandikie mchungaji umwambie wewe ndiye uliyenielekeza, na kwamba mimi sikukusudia. Yeye ni kijana, anaogopa wazee, lakini barua ya binti wa mzee wa kanisa ataisoma kwa wazee. Na mtafute aliyenunua. Wanasema ni lori lenye turubai la kijani, limeelekea huko mjini. Wewe unajuana na watu. Nitamfanyia kazi huyo mtu, nitamfulia, nitamlimia, chochote, ili mradi ng'ombe arudi akiwa hai.

Mama sijamwambia. Nilimdanganya kwamba Bibi Harusi amepelekwa kwa dume huko mjini. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema afadhali, kumbe bado kijana. Lakini kila asubuhi anakwenda kusimama bandani na kuliimbia hori tupu, anasema asije akapoteza sauti kabla mwenzake hajarudi. Maziwa ya kuomba napata kikombe leo, kesho sipati, ng'ombe wa watu wamekauka. Ya unga yanamrudi. Nimempima pale zahanati, tabibu akatazama mzani, akanitazama mimi, akatoka nje.

Ameomba nikuandikie maneno yake, haya hapa kama alivyoyasema.

"Mwanangu, mimi mama yako nakusalimu. Kitambaa nimekivaa kanisani. Namshukuru Mungu kwa mikono yako inayoshona, na kwa yule kondoo aliyetoa sufu, na mdudu wa hariri kama yupo. Ukimpata huyo mwenye dume mwambie asimkamue kwa nguvu. Asimame kichwani, amwimbie kidogo, wimbo wowote wa Bwana, hata kama hajui kuimba. Atashusha. Ni mnyama mwenye adabu, anataka tu kuambiwa vizuri."

Wifi, nakungoja.

Mke wa kaka yako,
Mfagizi


Mjini, 12 Machi

Binamu,

Nimepata barua yako na ya mke wa kaka kwa kondakta mmoja, utadhani mmekaa meza moja. Wewe wa kuniandikia kwamba Mama amekonda, ulikuwa hujui siku unapokea kamba? Usianze kunitubia mimi, mimi si mchungaji.

Ng'ombe nimemfunga uani nyuma ya duka. Hanyamazi. Wateja wanauliza kama siku hizi nashona au nafuga. Nilijaribu kumkamua, akaipiga ndoo teke ikaruka mpaka kwenye sare zilizopigwa pasi. Halafu ile barua ikafika, na ndani yake kuna maneno ya Mama kwamba aimbiwe. Nikacheka. Jioni, kwa mzaha tu, nikasimama kichwani pake nikaimba ubeti mmoja, ule wa shukrani aliokuwa anatuimbia akitusuka. Binamu, alishusha. Alishusha ndoo nzima, akawa ananipumulia begani. Tangu siku hiyo tunakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, na mume wangu anasema hajawahi kunywa maziwa matamu kiasi hiki.

Unasema bado nafasi ipo, nimrudishe kwa lori lilelile. Nimrudishe, halafu wageni niwaambie tuimbe? Kadi zimeshatoka. Mchinjaji ameshaambiwa Jumamosi. Na nikirudisha, yule mwanamke atasema nini? Atasema nilimwibia. Sasa hivi hakuna mwizi popote, kuna sadaka na kuna mnunuzi. Mama nitamtumia fungu lake, nyama laini. Anapenda supu tangu zamani.

Na barua hii ichome.

Dada yako,
Fundi


Mjini, 17 Machi

Wifi mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa kukujibu, tulikuwa na shughuli. Mume wangu amesimikwa uzee wa kanisa jana. Askofu msaidizi alikuja mwenyewe. Ibada ilikuwa nzuri, na kwa heshima ya Jumapili yenu ya Viumbe nilimwomba atushukurie na kwa ajili ya wanyama wanaotulisha, akatoa sala ndefu mpaka chakula kikapoa. Watu walikula wakasaza.

Habari ya ng'ombe imeniumiza na mimi. Lakini tusemezane kama watu wazima. Niliandika umpe kamba. Sikuandika kwamba utarudishiwa. Wapi uliona mtu anatoa mbele ya meza ya Bwana halafu anasimama mlangoni kudai? Asiyejua maana haambiwi maana. Kumwandikia mchungaji siwezi, mume wangu sasa ana nafasi yake, haitapendeza nyumba yetu kuonekana inavutana na Mungu. Mwenye lori la turubai la kijani nimemuulizia, hajulikani.

Ninachoweza kufanya nimekifanya. Kondakta ana sufuria, imo nyama ya Mama: ini, na nyama laini ya mgongoni. Ichemshe mpaka iwe kama pamba, mpe supu yake kwanza. Mwambie ni zawadi ya mwanawe. Na sufuria uirudishe, ni ya seti.

Wifi yako akupendaye,
Fundi, mke wa Mzee wa Kanisa


Nyumbani, 24 Machi

Dada wa marehemu mume wangu,

Barua hii haikuletwa na kondakta. Ameileta Mama. Unajua hajui kusoma, kwa hiyo nimeandika bila kuogopa, na nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine. Soma yote kabla hujasema naye.

Sufuria yako ilifika Jumanne. Nilichemsha nyama kama ulivyoelekeza, tangu mchana mpaka jioni, nikakamua supu kwa kitambaa. Nikamwambia ni zawadi yako. Aliomba nimwinue akae, maana siku hizo alikuwa hawezi kukaa. Akashika kikombe akashukuru. Alimshukuru Mungu kwa ajili yako, na kwa ajili ya mume wako na uzee wake, kisha akasema, "Na kwa mnyama huyu ambaye simjui, asante Baba, maana ametoa na roho yake, sisi hutoa tunachobakiza tu." Akanywa. Supu ile haikurudi. Ukiacha vile vikombe vya kuomba, ndicho kitu cha kwanza kilichokaa tumboni mwake tangu Jumapili ile. Nikafurahi, nikakubariki. Andika hilo mahali, kwamba nilikubariki.

Jumatano kondakta akapita kuchukua sufuria. Alikuwa miongoni mwa walioalikwa, na ni mtu wa maneno. Akasimama mlangoni kunisifia shughuli yenu, jinsi nyama ilivyokuwa laini, jinsi ng'ombe mwenyewe alivyowasumbua kwenye kuchinjwa, watu wakivuta kamba hatoki, mpaka wewe ukaenda kusimama kichwani pake ukamwimbia, ndipo akainamisha shingo. Alisimulia kama kichekesho. Nikamuuliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Akaniambia pembe moja, paji jeupe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilivua nikakupa uishone.

Sikuja kwako na panga, ingawa nililitazama. Nilikwenda kazini nikafagia zahanati nzima, wodi zote na veranda, na nilipomaliza nikaanza tena, mpaka tabibu akaninyang'anya fagio. Nilipanga nimwambie Mama. Nilikaa kitandani pake nikafungua mdomo, akaniwahi, akaniuliza Bibi Harusi anarudi lini kutoka kwa dume, ameota anamwita. Nilishindwa. Nimemzika mume, nimezika ndama, nimesafisha damu za watu nisiowajua, lakini hilo nilishindwa kulisema. Wewe ulijua kumwandikia binamu yako na kuniandikia mimi siku moja. Binamu yako, baada ya kondakta kutangaza, alikuja usiku kunisomea barua zako zote mbili. Anatubu kwa kila mtu siku hizi. Ulipokuwa unakunywa chai ulikuwa umeshajua kwamba mama yako anakufa njaa. Basi hili nalo utaliweza.

Nimemwambia ng'ombe yuko kwako. Si uongo, yuko kwako, wewe na mume wako na askofu wenu. Mama hakuniuliza mara mbili. Alisimama mwenyewe, wifi, mtu ambaye nilikuwa namgeuza kitandani, akaomba maji aoge. Muuguzi amesafiri naye, na atakuwa amemshusha mlangoni pako na kuondoka, ndivyo tulivyopatana. Simfuati. Mimi ni mtu wa kuja tu, na nyumba ya kwetu nilikotoka bado ina mlango.

Amekataa kula njiani. Anasema anajitunza kwa ajili ya maziwa yake, kwamba ukimkamua Bibi Harusi naye akiwa kichwani pake mtajaza ndoo. Tabibu amesema hana siku nyingi, kwa maziwa au bila maziwa sasa ni mamoja. Amekuja kwako kumsalimia ng'ombe, hana shida nyingine.

Unaposoma hapa yuko mbele yako, amesimama. Usihangaike kumpa kiti, hatakaa. Mpeleke uani akamwone ng'ombe wake.

Mke wa kaka yako